Pato la Taifa na Daftari la Zaka

Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa imeingia katika kundi la nchi za kipato cha kati, daraja la chini. Kigezo kilikuwa wastani wa pato la mwaka kwa kila mtu kuvuka dola 1,036. Wastani huo hupatikana kwa kuligawa pato lote kwa idadi ya watu wote, mwenye maghorofa na mchukuzi wa mizigo sokoni wakihesabiwa kana kwamba wanakula sinia moja.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya husema jambo jingine. Mwaka 2011/12, asilimia 28.2 ya Watanzania Bara hawakumudu mahitaji ya msingi. Mwaka 2017/18 walikuwa asilimia 26.4. Miaka yote hiyo uchumi ulikua kwa takriban asilimia sita kila mwaka. Na kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini nayo iliongezeka.

Nilipokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti wetu, nilirithi daftari la zaka lenye kurasa tangu 2006. Usiku mmoja nilitafuta humo jina la mama mmoja mjane, nikakuta kwanza jina la mama yake mzazi. Sasa binti wa mjane huyo naye ameandikishwa. Vizazi vitatu, daftari moja! Hakuna aliyekuwa mvivu. Binti alimaliza kidato cha nne baada ya ada kufutwa 2016, akajifunza ushoni, lakini cherehani hana. Hushona kwa kibarua katika duka la mwenzake, na faida hubaki dukani.

Desturi yetu ilikuwa kumpa kila mhitaji shilingi elfu kumi au kumi na tano, zikaisha kabla ya wiki kwisha. Niliwakumbusha wazee kauli ya Imamu Nawawi katika Al-Majmuu, kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa kinachotosha kununulia zana za kazi yake. Mzee mmoja aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki: “Na wale wasio na ufundi, mwanangu, wale nini mwezi huu?”

Tulijadiliana baada ya Isha mara tatu. Mwishowe cherehani ilinunuliwa, na wengine wote wakapata pungufu kuliko mwaka jana. Ajuza mmoja alizihesabu noti zake mara mbili mbele yangu, akaondoka bila kunijibu salamu.