Diski Moja Ikifa Ufukweni mwa Mweru

Kutoka Puta, kwa Wabwile, kushuka hadi Nchelenge, ufuko wa Zambia unatazamana na Pweto na Kilwa za Kongo ng'ambo ya Ziwa Mweru, na malaria haiujui mpaka huo. Kwa zaidi ya miaka 10 watafiti wa malaria wamekuwa wakikusanya takwimu Nchelenge. Takwimu za msimu uliopita hazikusanywi mara ya pili: mbu wale wamekufa, watoto wale wamekua. Seva ya kutunzia kumbukumbu za namna hii haifai kutegemea diski moja, kwa maana kila diski hufa.

Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, walipendekeza diski kadhaa za bei nafuu zishirikiane kama moja. Mfumo huo unaitwa RAID, na aina yake moja inaeleweka hivi. Chukua makarani wawili mwaloni wanaohesabu ndoo za chisense, dagaa wa Mweru. Karani wa tatu huandika jumla tu. Jumla ni 50, daftari la kwanza lina 20, la pili limetumbukia ziwani. Lilikuwa na 30. Kompyuta hufanya hesabu ya biti badala ya kujumlisha, na jumla huzitawanya katika diski zote, lakini mantiki ni hiyohiyo. Yakizama madaftari mawili, basi tena.

Kwenye Linux kazi hii husimamiwa kwa programu ya mdadm. Diski tatu zikiwa hai, hali ya kundi lao huonyesha [UUU], U moja kwa kila diski. Moja ikifa, [UU_]. Hapo ndipo haraka huleta maafa. Fundi akichomoa diski nzima badala ya mbovu, zimepotea mbili. Kwanza soma namba ya kiwandani ya diski mbovu, iondoe kwenye kundi kwa amri ya programu, ndipo uichomoe. Mpya isiwe ndogo kuliko wenzake.

Kisha ujenzi upya huanza. Diski ya terabaiti 4, kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 7, na muda wote huo diski zilizobaki, nazo mara nyingi ni za umri uleule, husomwa mwanzo hadi mwisho. Nyingine hufia hapo. Kwa hiyo nakala iwepo mahali pengine kabla hujashika bisibisi.

Wewe unayetunza seva, andika leo namba ya kila diski kwa kalamu, uibandike mbele ya kasha lake.