Mkono wa Kushoto Ukiuma, Ikague Klachi

Wewe unayeshinda juu ya pikipiki, je, mkono wako wa kushoto huuma jioni? Huenda chanzo ni klachi ngumu. Waya wake ukikauka au nyuzi zikianza kukatika, kila gia unayobadilisha huichosha misuli ya mkono na kano zake.

Basi kabla ya dawa, nenda kwa fundi. Autie waya mafuta au aubadilishe (gharama yake ni ndogo kuliko ada yangu), na akiinamishe kishikio hadi kifundo cha mkono kikae kimenyooka. Ukikwama katika msongamano wa Jogoo Road, weka nyutro. Usiendelee kuibana klachi.

Dalili ya kuhofia ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Hapo mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo. Kulala umekifunga kifundo kwa kibao cha kukinyoosha huwasaidia wengi. Lakini ukiona vikombe vinakuponyoka, muone daktari mara moja: misuli ya gumba ikishasinyaa, huenda isirudi.

Na vidonge vya maumivu kila siku? Huleta vidonda vya tumbo, na figo pia zaweza kudhurika.