Kuchagua Mbegu ya Nyanya kwa Bustani ya Nyumbani

Aghalabu mvua za masika zinaposhika, bei ya nyanya hupanda katika masoko mengi ya Tanzania. Mnunuzi aliyezoea fungu la nyanya tano hukuta fungu limebaki na tatu, tena ndogo. Huo ndio wakati ambapo bustani ya uani ingeifaa sana familia. Na huohuo ndio wakati ambapo minyanya ya uani hunyauka, au majani yake hubabuka, kabla tunda la kwanza halijaiva. Baadhi ya watu hulaumu udongo, baadhi hulaumu mbolea, na wapo wasemao kwamba mpandaji hana mkono wa kupanda. Baada ya kushindwa misimu miwili au mitatu, wengi huiacha bustani kabisa.

Kwa hakika sehemu kubwa ya matokeo hayo huamuliwa mapema, siku ile mbegu inaponunuliwa. Mnunuzi huchagua kwa kutazama picha ya tunda kwenye pakiti, ilhali picha haisemi mambo matatu yaliyo muhimu: mmea utakua kwa namna gani, utastahimili maradhi gani, na utazaa katika joto la kiasi gani. Hakuna mbegu ya nyanya iliyo bora mahali pote. Iliyopo ni mbegu inayofaa, au isiyofaa, kwa bustani fulani na msimu fulani.

Asili ya mnyanya

Asili ya mnyanya, ambao tunda lake Unguja huitwa tungule, ni Amerika ya Kusini, katika nchi za milima ya Andes kama Peru na Ekwado. Huko bado imo minyanya-mwitu yenye matunda madogo kama gololi. Wenyeji wa Meksiko waliulima mmea huo tangu zamani, Wahispania wakaupeleka Ulaya katika karne ya 16, na kutoka huko ukaenea duniani.

Habari hizo zina manufaa kwa mkulima kwa sababu mbili. Kwanza, mnyanya ni wa jamii moja na kiazi mviringo, bilinganya, pilipili, tumbaku, mnavu na nyanya chungu. Ndugu hawa hushiriki maradhi. Anayeng'oa bilinganya leo na kupanda nyanya kesho mahali palepale huwa amewaandalia wadudu na vimelea chakula cha msimu wa pili. Yafaa nyanya zifuate mahindi, vitunguu, maharage au mchicha.

Pili, minyanya-mwitu ndiyo hazina ya kinga. Kinga dhidi ya minyoo fundo, viumbe wadogo wanaosababisha vinundu mizizini, ilipatikana katika mnyanya-mwitu wa Peru, na wataalamu wakafaulu kuiingiza katika nyanya za shambani katika miaka ya 1940. Kinga hiyo ni nzuri, lakini ina mpaka wake: udongo unapozidi joto la nyuzi 28 za Sentigredi, huacha kufanya kazi. Kwa sababu hiyo mkulima wa Pwani anayenunua mbegu yenye kinga ya minyoo asikose kutandaza nyasi kavu chini ya mimea yake. Matandazo hupoza udongo, na kwa kufanya hivyo huilinda kinga aliyokwisha kuilipia.

Nyanya ndefu na nyanya fupi

Kwa namna ya kukua, nyanya zimegawanyika katika makundi mawili makuu. Nyanya ndefu huendelea kurefuka na kutoa vichala vya maua maadamu zina afya. Huhitaji kuegemezwa kwenye miti na kupunguzwa machipukizi yanayoota kwapani mwa majani. Moneymaker ni mfano unaojulikana sana. Nyanya fupi hufikia kimo fulani, kila shina likaishia kwenye ua, kisha matunda karibu yote yakaiva kwa pamoja katika muda wa wiki chache. Tabia hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza katika mmea mmoja huko Florida, Marekani, mwaka 1914, ikaenezwa na wazalishaji wa mbegu. Roma VF, Cal J na Tanya ni za kundi hili.

Mkulima wa biashara ana sababu ya kupenda nyanya fupi: huvuna kwa mara chache, hujaza matenga, na lori huondoka. Hupenda pia ganda gumu, maana tunda husafiri mbali juu ya barabara mbovu. Familia haina lori. Haja yake ni nyanya chache kila siku kwa muda mrefu, na ganda laini si hasara kwa tunda litakalotembea hatua kumi tu hadi jikoni. Basi penye nafasi ya kusimika miti, nyanya ndefu hufaa zaidi nyumbani. Palipo na ndoo au magunia tu, nyanya fupi ni rahisi kutunza. Lakini yafaa zipandwe kwa awamu, miche michache kila baada ya wiki tatu, ili mavuno yasije yote siku moja na kukoma yote siku moja.

Herufi zilizo kwenye pakiti

Baada ya jina la mbegu mara nyingi huandikwa herufi, na wanunuzi wengi huzipita bila kuzisoma. V na F ni kinga dhidi ya aina mbili za kuvu waletao mnyauko, yaani vetisiliamu na fusariamu. N ni kinga dhidi ya minyoo fundo. T ni kinga dhidi ya virusi vya batobato, ambavyo huweza kuishi katika tumbaku kavu. Ndiyo maana mvuta sigara hushauriwa kunawa kwa sabuni kabla ya kushika miche. Roma VF, kwa mfano, imebeba kinga mbili za kwanza katika jina lake. Moneymaker, pamoja na utamu wake, haina hata moja kati ya hizo. Tengeru 97, iliyotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997, inavumilia fusariamu, minyoo fundo na batobato.

Yapasa kutochanganya F na F1. F ni alama ya kinga. F1 ni alama ya chotara, yaani mbegu ya kizazi cha kwanza kutokana na wazazi wawili tofauti. Pakiti inaweza kuwa na moja bila nyingine.

Kumtambua adui kwa glasi ya maji

Herufi hizo hazina faida kwa mtu asiyejua ugonjwa uliomo bustanini mwake. Kosa linalotokea mara nyingi ni kudhani kwamba mnyauko ni mmoja. Mnyauko wa fusariamu huanza polepole: majani ya chini huwa manjano, mara nyingi upande mmoja wa mmea. Mnyauko bakteria huja ghafla: mmea uliokuwa umesimama asubuhi huinama ukiwa bado kijani, na baada ya siku chache hufa.

Lipo jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Shina la mmea ulionyauka karibuni hukatwa kwa kisu karibu na udongo, kipande chake kikaning'inizwa ili ncha iliyokatwa iguse maji safi ndani ya glasi, bila kutikiswa. Ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa huonekana zikishuka kutoka kwenye shina. Hao ni bakteria kwa mamilioni.

Aliyeona maziwa hayo asitumie fedha zake kununua dawa ya ukungu, wala asitegemee herufi V au F, kwa kuwa hazihusiani na ugonjwa huo. Bakteria huyo hudumu udongoni kwa miaka, na husafiri kwa maji na kwa majembe. Mmea mgonjwa ung'olewe pamoja na mizizi yake na kuchomwa moto. Msimu unaofuata nyanya zipandwe katika vyombo vya lita 15 au zaidi, vilivyotobolewa chini na kujazwa udongo uliochukuliwa mahali ambapo nyanya na ndugu zake hawajawahi kulimwa. Vyombo hivyo viwekwe juu ya mawe au mbao ili mizizi isipenye hadi udongo wa chini. Hapo ndipo bustani ndogo inapolizidi shamba kubwa: mwenye ekari hawezi kubadilisha udongo, lakini mwenye miche kumi anaweza.

Joto la mahali na msimu

Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua yake ni dhaifu mbele ya joto. Mchana ukizidi nyuzi 35 hivi, au usiku ukizidi nyuzi 24 hivi, maua mengi hupukutika bila kufunga tunda. Mmea huonekana mzuri, umejaa majani, na mwenye bustani hushangaa kuona hauzai. Akiongeza mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi, majani huzidi na matunda hayaji.

Katika Dar es Salaam, usiku wa Desemba hadi Machi ni wa joto la namna hiyo, ilhali Juni hadi Septemba ni wa ubaridi kiasi. Kwa hiyo mkulima wa Pwani hufanya vema kusia mbegu mwezi Aprili katika kitalu kilichoezekwa kujikinga na mvua, na kuhamisha miche mwezi Mei, ili maua yatoke wakati wa kipupwe.

Katika nyanda za juu kama Lushoto na Njombe, joto si tatizo. Hatari ni ubaridi pamoja na unyevu. Hali hiyo huleta bakajani chelewa, maradhi yaleyale yaliyoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Majani huwa na mabaka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na asubuhi ukungu mweupe huonekana chini ya jani. Vimelea vyake huhitaji jani lililolowa. Basi kuzuia kulowa ni nusu ya tiba: paa jepesi la nailoni juu ya miche michache, nafasi ya kutosha kati ya mmea na mmea, na kumwagilia shinani, asubuhi, pasipo kugusa majani.

Kutoka kitaluni hadi mavuno

Mbegu huota baada ya siku 5 hadi 10. Miche huhamishwa ikiwa na majani manne hadi sita, wakati wa jioni, nayo hupandwa kwa kina kupita ilivyokuwa kitaluni, kwa sababu sehemu ya shina inayofukiwa hutoa mizizi mipya. Nyanya ndefu zipewe nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche. Kila shimo litiwe samadi iliyooza vizuri na kuchanganywa na udongo.

Maji yawe ya kiasi na ya mfululizo. Mmea unaoachwa ukauke kisha ukafurikishwa hushindwa kufikisha kalsiamu ya kutosha kwenye tunda, na kitako cha tunda hugeuka cheusi na kuoza. Huo si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautibiwi kwa dawa.

Upo pia adui ambaye aina za kawaida za nyanya hazina kinga naye: nondo mdogo ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na kuthibitishwa Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani ya majani na matunda. Katika bustani ya nyumbani, kukagua majani kila siku, kuyakata yenye michirizi na kuyafungia ndani ya mfuko wa nailoni juani hupunguza sana kizazi chake.

Kuhifadhi mbegu

Kwa kuwa mnyanya hujichavusha, mbegu za aina isiyo chotara, kama Tanya au Moneymaker, huzaa nyanya zinazofanana na mama yao. Mbegu zichukuliwe katika mmea uliokuwa na afya kupita yote, hata kama tunda lake si kubwa kupita yote. Hukamuliwa pamoja na maji yake, zikaachwa kivulini siku mbili hadi ute unaozizunguka uchachuke, kisha huoshwa, hukaushwa juu ya sahani pasipo jua kali, na kuwekwa katika chupa kavu.

Mbegu za chotara hazifai kuhifadhiwa hivyo. Katika kizazi cha pili tabia za wazazi hutawanyika. Pale kinga inapotegemea jeni moja inayotawala aliyoirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa wastani mche mmoja kati ya minne huzaliwa bila kinga hiyo, na mkulima hana njia ya kuutambua kwa macho mpaka ugonjwa ufike.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe, neno hilo ni la haki. Kwa mbegu sivyo. Na mwenye bustani aliyeshindwa mara tatu kwa mbegu ileile, katika udongo uleule, hana sababu ya kuulaumu mkono wake. Akate shina moja, alitie katika glasi ya maji, atazame. Kisha ndipo aende dukani.