Usidanganywe na nambari kubwa unaponunua darubini ya mbugani

WATU wengi wanaoingia dukani kununua darubini ya kutazamia wanyama huuliza swali moja tu: inavuta mara ngapi? Muuzaji naye, akiujua udhaifu huo, huwatolea chombo kilichoandikwa 20, 30 au hata zaidi. Mnunuzi huondoka akiwa na furaha, lakini akifika mbugani alfajiri huona giza na taswira inayotetemeka.

Suala hili lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Tangu serikali ya Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka wa 1977, anayezuru mbuga zetu huenda kutazama tu, na asiyeona vizuri kutoka mbali humshinikiza dereva asogee karibu. Utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara, uliochapishwa mwaka wa 2018, ulifichua gharama ya msongamano huo. Katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea wastani wa watoto 0.21 kwa kila uzao, ilhali penye watalii wachache wastani ulikuwa 2.32. Darubini ifaayo humwezesha mtu kutosheka akiwa mbali.

Je, ifaayo ni ipi? Jibu limo katika nambari mbili zinazochapishwa juu ya kila darubini, mathalani 8x42. Ya kwanza hueleza ni mara ngapi taswira inakuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi za mbele kwa milimita, na ndiyo inayoamua kiasi cha mwanga kinachoingia.

Tuanze na ile ya kwanza. Simba aliye umbali wa mita 400 huonekana kana kwamba yuko mita 50 ukitumia darubini ya 8, na mita 40 ukitumia ya 10. Tofauti ni mita 10 pekee. Hata hivyo, kila kinachokuzwa hukuzwa pamoja na mtetemo wa mikono yako, pumzi yako na injini ya gari. Ndiyo maana watu wengi hushindwa kutuliza mkononi darubini inayozidi 10. Ya 20 huhitaji kiegemeo cha miguu mitatu. Aidha, kadiri ukuzaji unavyoongezeka ndivyo eneo unaloliona linavyopungua, na ndege arukaye humpata kwa shida.

Sasa gawanya nambari ya pili kwa ya kwanza. Utapata kipenyo cha kiduara cha mwanga kinachofika jichoni. Darubini ya 8x42 hutoa milimita 5.25, ya 10x42 hutoa 4.2, na ya 20x50 hutoa 2.5 tu. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hupungua hadi milimita mbili au tatu, hivyo huwezi kutambua tofauti yoyote. Lakini alfajiri na magharibi, saa ambazo simba na chui hutembea, mboni ya kijana hupanuka hadi milimita sita au saba. Hapo kiduara cha 2.5 huliacha jicho na njaa ya mwanga. Hali ni hiyo hiyo chini ya miti mirefu ya msitu wa Kakamega, hata adhuhuri. Mboni za wazee hupanuka kidogo kuliko za vijana, hivyo kwao kiduara cha milimita nne au tano hutosha.

Kwa sababu hizo, mtu anayenunua darubini moja ya kutumia kila mahali atafanya vyema kuchagua 8x42. Anayetazama zaidi nyika zilizo wazi, na ambaye mikono yake ni thabiti, anaweza kuchukua 10x42. Anayetaka kubeba mzigo mwepesi, 8x32 itamfaa. Jihadhari na zile zinazobadilisha ukuzaji, kwa mfano kutoka 10 hadi 30: za bei nafuu hufifiza taswira na kupunguza sana eneo linaloonekana. Vilevile, lenzi zinazong'aa kwa rangi nyekundu kama kito huvutia macho dukani, lakini wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kuingia ndani.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio haya. Shika darubini mbali na uso, uielekeze angani, kisha utazame viduara vya mwanga. Viwe mviringo kamili. Vikionekana kama vimekatwa pembeni, huenda vioo vya ndani ni hafifu. Toka nje ya duka uangalie ukingo wa paa la mbali kwa macho yote mawili. Ukiona paa mbili, au macho yakianza kuuma, lenzi hazikupangwa sawasawa. Anayevaa miwani aipime akiwa ameivaa, baada ya kushusha vikombe vya kuegemezea macho, ahakikishe anaona duara lote.

Uliza pia kama imejazwa gesi ya naitrojeni na kuzibwa isiingie maji. Darubini isiyozibwa hupata ukungu ndani yake inapotolewa kwenye baridi ya Aberdare na kuingizwa mahali penye joto.

Baada ya kuinunua, irekebishe kulingana na macho yako. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funga la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye lenzi ya kulia pekee. Vumbi lipeperushwe kwanza kwa brashi laini, kwani kulifuta kwa shati hukwaruza lenzi. Na kamwe usiielekeze kwenye jua, maana linaweza kukupofusha.

Kwa familia au kikundi kinachosafiri kwa gari moja, darubini moja nzuri inayopitishwa mkono kwa mkono ina faida kuliko nne duni. Kila mmoja atamwona duma kwa zamu yake, na dereva hatalazimika kuwasha injini ili kumsogelea.