Oda ziko kwenye buti, gari haiwaki: kagua ufunguo kwanza

Boss unayepeleka oda mwenyewe kwa gari, hii ni yako.

Asubuhi moja nilipakia oda 9, zote wateja wanalipa wakipokea. Nawasha gari, starta inazunguka ila injini haishiki. Fundi akaja, akasema, "Kontroli boksi imekufa hiyo, jipange." Kabla sijatoa hata mia, nikarudi ndani kuchukua ufunguo wa akiba. Gari ikawaka palepale! Shida ilikuwa ufunguo.

Iko hivi: magari mengi siku hizi yana ulinzi wa wizi. Kwenye kichwa cha ufunguo wa kuchomeka kuna chipu ndogo. Gari isipoitambua, injini haiwaki. Chipu hiyo haitumii betri. Betri iliyomo ni ya rimoti ya milango tu. Kwa hiyo milango kufunguka si ushahidi kwamba chipu ni nzima.

Ikikugomea, fanya hivi:

1. Tazama taa ndogo nyekundu ya ulinzi kwenye dashibodi. Kwa Toyota nyingi, kuwakawaka gari ikiwa imezimwa ni kawaida. Ukiwasha swichi inatakiwa izime. Isipozima, huenda gari haijautambua ufunguo.

2. Toa ufunguo kwenye mkufu wake. Ring'i ya chuma au ufunguo wa gari nyingine wenye chipu unaweza kuvuruga usomaji.

3. Jaribu ufunguo wa akiba.

4. Gari ya kubonyeza? Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Ikiwaka, badilisha betri ya rimoti.

5. Starta ikilia tik tik tu na taa zikififia, shuku betri ya gari.

Bado? Ita fundi umeme mwenye mashine ya kupima. Usikubali mtu akate waya kwa kubahatisha.

Una ufunguo mmoja tu? Tengeneza wa pili sasa, maana ukipoteza wote kazi inakuwa kubwa na gharama inapanda.

Na wakati unahangaika, mtumie mteja ujumbe kabla hajauliza: "Gari imenisumbua, mzigo wako utachelewa kidogo." Kuchelewa atakusamehe, kumkalia kimya hatasahau.

Wewe ufunguo wako wa akiba uko wapi sasa hivi? Tuambie hapa chini, na mtumie mwenzako anayepeleka mizigo.