Kwa Nini Mti Hupukutisha Majani

Mvua za masika zikiisha na upepo wa kusi ukivuma, mtu atembeaye kutoka Mohoro kuelekea bara huona mibuyu imebaki mitupu, na mipingo nayo imepukutisha majani. Lakini akitelemka kwenye milango ya Rufiji, huikuta mikoko ina majani mabichi mwaka mzima. Wengi hudhani ya kuwa jani huanguka kwa sababu limekufa, au upepo umeling'oa. Sivyo, mti wenyewe huliachilia.

Jambo hili laweza kujaribiwa. Vunja tawi lenye majani mabichi, uliache lining'inie. Majani yatakauka, lakini katika miti mingi yatashikamana na tawi kwa muda mrefu, kwa kuwa tawi limekufa, na kupukutisha ni kazi ya kilicho hai. Kisha chagua jani katika tawi zima, ukate ubapa wake kwa wembe, uache kikonyo tu. Baada ya siku kadhaa kikonyo kile kitadondoka, wala hakikuguswa na mtu.

Sababu yake ni hii. Mahali kikonyo kinaposhikana na tawi pana tabaka jembamba la chembe. Jani likiwa zima, ubapa wake hufanya homoni, yaani kitu kidogo sana kiamurucho kazi za mwili. Jina lake ni oksini. Hupita katika kikonyo kana kwamba jani lapeleka habari: Ningali kazini. Maadamu habari yafika, tabaka lile hutulia. Jani likizeeka, au ukavu ukizidi, oksini hupungua. Ndipo hewa iitwayo ethilini, ambayo mti huifanya wenyewe, hupata nguvu. Na chembe za tabaka hutoa vimeng'enya viyeyushavyo kile kinachozigandisha pamoja. Upepo kidogo humaliza kazi. Lakini kabla ya hapo mti umekwisha kuvuta ndani sehemu kubwa ya chakula kilichomo katika jani. Chanikiwiti huvunjika, na rangi ya manjano, iliyokuwamo tangu zamani, huonekana.

Ethilini ni jina geni, lakini kazi yake si ngeni. Watu wavundikapo ndizi kwa moshi, ethilini ya moshi na ya ndizi zenyewe ndiyo iziivishayo. Katika miji ya Ulaya ya karne ya 19, miti iliyokuwa karibu na mabomba ya gesi ya taa yaliyovuja ilipukutika ovyo, na mwaka 1901 Mrusi Dimitry Neljubow alionyesha kwamba ethilini iliyomo katika gesi ile ndiyo huidhuru mimea.

Iko na asidi ya absisiki. Mwaka 1963 Frederick Addicott na wenzake huko California waliipata katika matunda machanga ya pamba, wakadhani ndiyo iangushayo. Baadaye ilijulikana kwamba kazi yake kubwa ni kufunga vitundu vya majani wakati wa ukavu, maji yasipotee.

Mkulima na aangalie muhogo wake. Kiangazi kikali huuacha vijiti vitupu vyenye majani machache nchani, naye akadhani umekufa, akaung'oa. Kumbe umepunguza majani ili kutunza maji. Akwangue gome kwa ukucha: pakiwa na ubichi, shina li hai. Mvua ikinyesha litachipua kwa wanga uliowekwa mizizini. Ndiyo sababu muhogo ung'olewao mara baada ya kuchipua hauna unga mwingi.