Saa za Dereva na Moto wa Nyumbani

Katika nchi za baridi kali moto wa nyumbani si anasa, bali ni uhai wenyewe. Huko Marekani wakulima wengi wakaao mbali na miji hawapati gesi ya mabomba. Hununua gesi ya propani, ambayo huletwa kwa lori na kutiwa katika tangi kubwa karibu na nyumba. Tangi hilo likikauka wakati wa theluji, nyumba hupoa upesi, maji huganda ndani ya mabomba, na wazee na watoto wachanga huwa katika hatari. Kwa hiyo lori la gesi hungojewa kama mvua ingojewavyo na mkulima aliyekwisha kupanda.

Lakini dereva wa lori hilo naye ni mtu, na sheria yatambua hivyo. Tangu mwaka 1938 Serikali Kuu ya Marekani imeweka mipaka ya saa za kazi za madereva. Kwa sheria ya sasa dereva wa lori la mizigo aweza kuendesha kwa saa 11 tu, nazo ziwe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Kisha hana budi kupumzika kwa saa 10 mfululizo. Akikutwa na theluji ambayo hakuweza kuijua kabla ya kuondoka, huongezewa saa 2. Wazee husema usingizi ni nusu ya kifo. Kwa mtu aliyeshika usukani waweza kuwa kifo kizima.

Majira ya baridi ya mwaka 2013 na 2014 yaliijaribu sana sheria hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2013 mahindi mengi ya majimbo ya kati yalivunwa yakiwa mabichi. Mkulima wa kwetu huanika mahindi yake juani, lakini mwenzake wa Iowa au Minnesota huyakausha kwa mashine zinazochoma propani. Basi akiba ya gesi ilipungua kabla baridi yenyewe haijafika. Tena bomba la Cochin, lililokuwa likileta propani kutoka Kanada, lilifungwa kwa muda kwa ajili ya matengenezo. Ndipo baridi ikashuka. Tarehe 6 Januari 2014 kipimo katika mji wa Chicago kilifika karibu digrii 27 za Selsiasi chini ya sifuri, na kabla ya mwezi huo kwisha bei ya galoni moja ya propani kwa wenye nyumba wa majimbo hayo ilipita dola 4.

Madereva walilazimika kuifuata gesi mbali zaidi, hata Kansas na Texas, na walipofika walikuta malori mengi yamepanga mstari. Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana saa za kungoja nazo huhesabiwa katika zile 14. Dereva aweza kumaliza siku yake ya kazi akiwa bado yu mbali na watu wanaomngoja.

Katika Januari na Februari 2014 Serikali ilitangaza hali ya dharura, na malori yaliyochukua mafuta ya kupashia nyumba moto yakaachiliwa kwa muda mipaka ya saa. Baadaye Kongresi ilipitisha sheria ya kuiendeleza ruhusa hiyo mpaka tarehe 31 Mei, na Rais Barack Obama akaitia sahihi tarehe 21 Machi 2014.

Yafaa ieleweke kwamba ruhusa ya namna hii haimwamuru mtu yeyote kuendesha hali anasinzia. Sheria za leseni, ulevi na bima hubaki pale pale. Dereva akimwambia mwajiri wake kwamba amechoka na anahitaji kupumzika mara moja, hana budi kupewa saa 10 za mapumziko. Hapana shaka jambo hili ni la busara, kwa kuwa lori la propani likipinduka barabarani, halimdhuru dereva peke yake, na nyumba lililokuwa likiendea hubaki baridi vile vile.

Mkulima naye ana sehemu yake katika jambo hili. Anayejaza tangi lake wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu na magari hayajapanga mstari, huilinda nyumba yake, na humpa dereva nafasi ya kulala.